Injini Haigongi

Pale yadi kwetu hakuna anayemwita shemeji yangu kwa jina lake. Wanamwita Fundi Sikio, kwa heshima zote, na yeye huitikia kwa kidevu, kama mheshimiwa aliyesimamishwa njiani na wapiga kura. Mimi ni dereva wa tingatinga, lile la kusukuma udongo na mawe, na mke wake ni dada yangu wa tumbo moja. Kwa hiyo nimebahatika kumvumilia kazini na nyumbani pia. Watu wengine hupata likizo.

Cheo chake alikipata kwa masikio. Mtambo ukiletwa unalalamika, greda au kijiko cha kuchimbia au rola ya kushindilia, gereji nzima ilitakiwa kunyamaza. Cheche, fundi wetu wa kuchomelea, azime mashine yake. Mwenye redio aizime. Mwenye kikohozi atoke nje akamalizane nacho huko. Ndipo Fundi Sikio anachomoa bisibisi yake ndefu, anaweka ncha kwenye bloku ya injini na mpini kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, anafumba macho, na sisi tunasimama na mikono yetu yenye grisi tukisubiri ufunuo. Hukumu ilikuwa neno moja. "Inawahi." Au, siku ya bahati mbaya: "Inachelewa." Jaji wa mahakamani hutoa sababu za hukumu yake. Fundi Sikio hakuwa na udhaifu huo.

Kwa asiyejua, injini ya dizeli haina plagi ya kutoa cheche. Pampu inasukuma dizeli, nozeli inainyunyiza juu ya pistoni, na kila kitu kinategemea inyunyizwe wakati gani. Ndiyo taimingi hiyo. Ikichelewa, mtambo unatoa moshi mweupe na nguvu zinakwisha, unapanda kilima kwa kujikokota. Ikiwahi, moto unawaka wakati pistoni bado inapanda, unaikuta njiani na kuipiga kichwani, na injini inagonga. Mlio huo ni mkali, mwembamba, kama mtu anayegonga sahani ya bati kwa kijiko. Ukiiacha igonge, pistoni zinapasuka na mtambo wa bei ya mtaa mzima unageuka chuma chakavu.

Nitakuwa mwongo nikisema alikuwa tapeli. Miaka yote hiyo alipatia. Upo utaratibu wa kupima taimingi kwa vifaa, taratibu, kwa macho, na vifaa vyenyewe vilikuwepo ndani ya kabati la gereji vikila vumbi. Aliudharau kuliko anavyodharau grisi ya bei rahisi. "Kupima ni kwa viziwi," alikuwa akisema, na sisi tulicheka kila mara, maana alikuwa fundi mkuu na utani wa fundi mkuu huchekesha.

Nyumbani sasa. Dada yangu alikuwa na shtaka moja tu, ila alilisoma kila nilipokanyaga mlango wake. "Mdogo wangu, huyu mtu anasikia injini iliyo ng'ambo ya ukuta. Mimi niliye chumba kimoja naye hanisikii." Nikawa namwambia ndivyo waume walivyo, akawa ananiambia niache ujinga. Siku moja alimwambia kwamba mama yetu amelazwa hospitali. Shemeji akatafuna, akameza, akajibu, "Sawa, weka hapo mezani."

Kilichomuuma dada zaidi ni kwamba wengine aliwasikia. Mimi nikiongea, anajibu. Bosi wa yadi, mwenye sauti ya pipa tupu, akipita kusalimia, mazungumzo yanakwenda vizuri mpaka chai inaisha. Cheche, ambaye ni jirani yao ukuta kwa ukuta, akitoa umbea wake kutoka barazani, shemeji anacheka mahali panapostahili. Mke tu ndiye asiyesikika. Dada alijaribu upole, ilikuwa kumpigia mbuzi gitaa. Akajaribu ukali. Mwisho akajaribu kununa, akakaa kimya wiki nzima, na mwenzake hakugundua hata kidogo. Alionekana kufurahia utulivu.

Dada akafanya hesabu ambayo mwanamke yeyote angeifanya. "Hii ni dharau," aliniambia, na hakulia, ndiyo maana niliamini. "Mtu anaweza kukuchoka akakwambia. Huyu amenichoka mpaka hata kuniambia anaona kazi. Jumamosi njoo na pikapu. Naenda kwa mama, na sirudi." Nikamwambia nitakuja. Sikumbembeleza abaki. Mtu aliyejibiwa "weka hapo mezani" ana haki ya kufunga virago.

Wiki hiyohiyo pampu ya tingatinga langu ilirudi kutoka kufanyiwa matengenezo. Fundi Sikio aliifunga mwenyewe, akairekebisha kwa sikio kama kawaida: injini inanguruma, yeye anaizungusha pampu kidogo huku, kidogo kule, bisibisi kichwani, macho yamefumbwa, sisi tumekauka kama picha. Ilipofika mahali injini ikaanza kugonga. Si kugonga kwa kunong'ona. Ka-ka-ka-ka, kila mtu mle ndani alikunja uso. Shemeji akafumbua macho, akakaza bolti, akafuta mikono.

"Imetulia," akasema.

Natamani mngeona nyuso. Cheche aliangalia sakafu. Bosi alimwangalia Cheche. Hao wengine ghafla walikumbuka wana kazi. Nikasubiri mtu mzima mmoja aseme lililo wazi, hakupatikana, ikabidi nijitolee.

"Shemeji, mbona kama inagonga?"

"Inagonga wapi?"

"Hapa. Sikiliza."

Akageuka kunitazama usoni, kwa muda mrefu kuliko swali lilivyostahili. "Hii injini haigongi," akasema. "Kinachogonga ni kichwa chako."

Wakacheka wote, kicheko cha watu walioponea chupuchupu. Bosi akahitimisha: "Sikio akisema haigongi, haigongi." Ikapigiwa kura namna hiyo, ikapita bila kupingwa, nami nikapanda kwenye tingatinga langu lililothibitishwa kuwa zima, likigonga kama ngoma ya harusi.

Kazi yenyewe ilikuwa machimbo ya mawe, juu, na barabara ya kwenda huko ina bonde upande mmoja. Tingatinga zito likizimika katikati ya mpando, hapo ni wewe na dua zako. Nilipanda kidogo, mshale wa joto nao ukapanda, kugonga kukazidi mpaka nikakusikia kwenye meno. Niliogopa, na sioni aibu. Nikarudi kinyumenyume hadi mahali tambarare, nikazima, nikakaa pale ndani nikimtukana shemeji yangu kwa utaratibu, nikianzia kwa mababu.

Ni katikati ya matusi nilipokwama. Mngurumo aliusikia, maana alikuwa akiufuata kwa kichwa. Asichokisikia ni ule mlio wa kugonga, sauti kali na nyembamba. Bosi ana sauti nene. Cheche ana sauti nene. Mimi pia. Dada yangu amerithi sauti ya mama, ya juu, nyembamba, ile inayopasua ukuta. Nilikaa na wazo hilo mpaka matusi yakaniishia.

Nilirudi nalo yadi polepole, nikafika saa ya chakula, wote wametoka kwenda kula. Shemeji alikuwa peke yake, amenipa mgongo, anafuta spana. Nilisogea hadi nyuma ya kisogo chake, nikatoa funguo zangu mfukoni, nikazitikisa. Akafuta spana. Nikazitikisa karibu na sikio lake maarufu kabisa. Akainua spana kwenye mwanga, akaikagua. Basi nikatumia ile sauti ninayoigizia wanawake nikiwa nachekesha watu, nikamwambia, "Shemeji, wewe ni mpumbavu wa daraja la kwanza." Miaka mingi nilikuwa nikiitamani nafasi kama hiyo. Nilipoipata haikuwa na ladha yoyote.

Nikazunguka nikasimama mbele yake. "Husikii," nikasema.

"Nasikia."

"Nimekuwa nyuma yako muda wote huu, natikisa funguo."

Akaiweka spana chini, polepole, mahali pake. Nilitegemea abishe, au anifukuze, au aulize ninaongea upuuzi gani. Aliuliza, "Nani mwingine anajua?"

Hilo ndilo lililonipandisha hasira. Hakushangaa. Mtu aliyekuwa hajui angeshangaa.

"Yaani ulijua."

"Walianza ndege," akasema. "Nilidhani wamehama. Halafu simu, mpaka iwe mkononi. Halafu yeye." Alikuwa akiongea huku anaangalia mdomo wangu, na hapo nikaelewa kwa nini amekuwa akitutazama sana siku hizi. Tulidhani ni uzee unamtia busara. "Dada yako anaongea akielekea jikoni. Anaongea na sufuria. Mdomo siuoni."

"Basi mwambie. Jumamosi anaondoka."

"Najua. Nimeona mabegi. Macho yangu ni mazima."

"Na umekaa tu?"

"Akijua, atamwambia mke wa Cheche. Mke wa Cheche akijua, Cheche anajua. Cheche akijua, hata wenye magari wanaopita barabarani watajua." Akashusha sauti, au alidhani ameshusha. "Shemeji, mume mwenye dharau bado ni fundi. Fundi kiziwi ni nini?"

Alikuwa na hoja, na ilikuwa hoja ya kipuuzi kuliko zote nilizowahi kusikia. Mke wake alikuwa akijiona takataka ndani ya nyumba yake mwenyewe, na yeye alikuwa amepiga mahesabu akaona ni nafuu.

"Umesema mwenyewe kupima ni kwa viziwi," nikamwambia. "Haya, pima."

Alinitazama kwa chuki safi, isiyochanganywa na kitu. Kisha akaenda kwenye kabati.

Kupima kwenyewe ni kazi ya kimya. Alifungua mrija wa kwanza wa pampu, akatoa vali yake ndogo na springi, akafunga mahali pake kamrija kembamba kalikopinda kama shingo ya bata. Mimi nikaingiza chuma mbele ya injini na kuizungusha kwa mkono, kidogokidogo, kama mtu anayefungua mlango mtoto amelala. Yeye akapampu dizeli kwa mkono na kukodolea macho ncha ya ule mrija. Dizeli ikatiririka, ikawa matone, matone yakaanza kuachana, likaja moja, likaning'inia, halikudondoka. Akainua kidole: hapo ndipo pampu inapoanza kusukuma. Nikasimama. Tukaenda kutazama alama kwenye puli, lile gurudumu la mbele ya injini, na mshale ulikuwa umesimama mbali kabisa kabla ya mstari wake.

"Inawahi," akasema. Neno lilelile, ila safari hii alilisema kama mtu anayetaja ugonjwa wake.

Akalegeza bolti, akaizungusha pampu unywele mmoja, tukapima tena, na tena, mpaka tone likakatika palepale linapotakiwa. Sikuona mahali popote ambapo sikio lilihitajika. Alirudisha vali na mrija, nikapanda nikawasha, injini ikanguruma laini, safi. Nikachungulia chini kumwona kama ameridhika. Alikuwa haiangalii injini. Alikuwa ananiangalia mimi usoni, ili ajue inagonga au haigongi. Nikatikisa kichwa kwamba haigongi, naye akageuka haraka kutafuta kitambaa.

Wenzetu waliporudi wakichokonoa meno, wakakuta tingatinga linanguruma kama jipya. Nilidhani labda, kwa aibu, shemeji angenyamaza. Akajipangusa mikono akawatangazia, "Nilijua tangu asubuhi inawahi. Nilitaka nione kama humu ndani kuna mwingine mwenye masikio." Wakatikisa vichwa kwa kustaajabu. Cheche alikula yamini kwamba yeye alihisi kitu ila aliheshimu. Bosi akampiga mgongoni. Wakamvika kilemba cha ukoka palepale nilipo, nami niliyekuwa na taarifa kamili nikajitia hamnazo, kwa sababu jicho lake lilikuwa kwangu na lilikuwa linaomba. Aliniapisha baadaye, karibu na pipa la oili chafu, kwamba dada yangu asijue. Nikaapa. Mimi huapa vizuri sana.

Jumamosi nikafika na pikapu. Dada alikuwa amevaa nguo za safari, begi kubwa liko mlangoni, amefagia nyumba nzima kana kwamba anamkabidhi mwenye nyumba. Shemeji yuko sebuleni, amepindua kiti, anakaza mguu wake kwa bisibisi, mgongo kwetu. Kiti chenyewe hakikuwa na ubovu wowote. Nilikikalia juzi.

"Mimi naenda," dada akamwambia yule mgongo.

Mgongo ukaendelea kukaza.

"Umeona?" akanigeukia.  "Hata kwaheri sistahili."

Niliapa, ndiyo. Lakini ningekuwa mtu wa namna gani kubeba begi lile nikiwa nimebeba na kile nilichokijua? "Dada," nikasema, "una funguo za nyumba? Nenda pale nyuma yake uzitikise."

Aliniona nimechanganyikiwa, ila alizitoa. Akasogea, akatikisa. Akazisogeza sikioni kwa mumewe, akatikisa tena, na mkono wake ukaanza kupungua kasi wenyewe. Akamwita. Akamwita kwa jina lake la utani, lile la ujana wao ambalo sipaswi kulijua. Mwenzake akageuza bisibisi. Dada akaniangalia, na niliona habari ikimwingia, ikishuka, ikifika chini.

Akazunguka akasimama mbele ya kiti. Shemeji akainua uso, akamwona yeye, akaona funguo mkononi, akaniona mimi. Akajua nimemuuza.

"Tangu lini?" dada akauliza.

"Muda."

"Na ulijua mimi nadhani ni dharau?"

Akaangalia kile kiti.

"Niangalie. Ulijua?"

"Nilijua."

Nakiri nilikuwa nimeshaanza kufurahi. Nilitegemea machozi, msamaha, na chai. Nilikuwa hata nimepiga hesabu ya dizeli nitakayookoa kwa safari kuahirishwa.  Dada akaenda mlangoni, akainua begi lake, na kabla hajavuka kizingiti, akiwa ametugeuzia mgongo, akasema kwa ile sauti yake nyembamba, bila ukali wowote, "Ungeniambia, ningekuwa nakugusa bega tu." Akatoka.

Shemeji alikuwa ameona kichwa cha mkewe kikicheza. Akanigeukia. "Amesema nini?"

Ningeweza kumwambia. Lakini nilikuwa nimechoka kuwa daraja la mtu mwenye miguu. "Kamuulize mwenyewe," nikasema.

Akatoka na bisibisi yake mkononi. Nikamfuata. Nje ilikuwa Jumamosi ya mtaa wowote: watu wanafua, watu wameanika nguo, na barazani kwao, hatua chache kutoka pale, wameketi Cheche na mkewe, wana vikombe vyao, wanatazama pikapu na begi kwa umakini ambao sijawahi kuuona Cheche akiupa kazi. Dada alikuwa ameshatupia begi nyuma na anazunguka kwenda kwenye mlango wa abiria.

"Rudia," shemeji akasema. Mtu asiyesikia hajui kupima sauti yake. Ilitoka kubwa, mtaa mzima ukageuka. "Ulichosema, rudia. Sijasikia."

Dada akasimama, mkono kwenye kitasa. Cheche akashusha kikombe. Shemeji akamwona Cheche akishusha kikombe, na mimi nilimwona akimwona. Alikuwa bado na nafasi. Angeweza kusingizia kelele za mtaa, angeweza kusema lolote, Cheche angemeza kama alivyomeza siku zote. Akamgeukia mkewe.

"Mimi sisikii," akasema, kwa sauti kubwa kuliko ile ya kwanza. "Muda mrefu sasa. Sisikii. Rudia."

Mke wa Cheche akamshika mumewe mkono. Dada yangu alizunguka pikapu, akaja akasimama mbele ya mume wake, mahali ambapo angeuona mdomo wake vizuri, akairudia ile sentensi neno kwa neno. Begi lilikuwa bado kule nyuma, na hakuna aliyeniambia nilishushe wala niliache, kwa hiyo nilipanda kwenye usukani nikakaa, nikasubiri.